Tulisema ni Mbwa

Mzee alileta huyo mbwa kwa kartoni ya mafuta ya kupika, siku ya Jumapili, yeye na bibi yake wakitoka kanisa. Alimfungulia katikati ya sitting room vile mtu hufungua TV mpya, anatoa kifuniko pole pole ili sisi wengine tushangae. Mbwa akatoka, akanusa mguu wa kochi, akazunguka mara mbili, akakojoa. Hata dakika haikuisha. Na hiyo kapeti ilikuwa rangi ya maziwa, ile ya ukuta kwa ukuta, huwezi kuitoa ukaianike. Mzee akacheka. Bibi yake hakucheka. Mimi pia sikucheka, juu nilijua ni nani ataitwa.

"Wewe ndio utamfunza," Mzee akaniambia. "Hii ni mbwa ya polisi. Iko na akili kukushinda."

Sasa mtu akuambie hivyo na wewe umeshika kitambaa mkononi uko karibu kupiga magoti upanguse. Nilifungua mdomo. Bibi yake akaniangalia na ile macho, nikafunga. Mimi hasira yangu huwa karibu sana, iko hapa tu kwa meno, na kwa hiyo nyumba nilikuwa nimeshaambiwa mara mbili kwamba mara ya tatu nitabeba begi yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa hausigeli, sionei hiyo neno haya. Ilikuwa Kileleshwa, ghorofa ya tatu, flati za watu wa ofisi. Mzee alifanya kazi benki huko Upper Hill na bibi yake, ambaye nilikuwa namwita Anti, alikuwa na kazi ya ofisi hapo Hurlingham. Watoto wao wawili walikuwa shule ya boarding, kwa hivyo mchana nyumba yote ilikuwa yangu. Shule niliwachia darasa la saba. Ile ingine nilijifunza mwenyewe: gazeti imefunga nyama nasoma, karatasi ya dawa nasoma, vitabu za hao watoto nikipanguza vumbi nasoma mpaka mahali wamepiga mstari. Kwa hivyo mtu akiniambia nimeshindwa akili na mbwa, nakumbuka hiyo maneno miaka mingi.

Mzee alikuwa anajenga huko nje ya mji na alitaka mbwa akue mapema ndio wakihama awe mkali. Lakini kabla ya hapo lazima aishi na sisi juu, kwa kapeti. "Mwezi moja," akasema. "Mwezi ukiisha na bado anakojoa kwa nyumba, atatafuta kwao."

Wiki hiyo hiyo ndio mama ya Anti alikuja.

Alitoka upande wa magharibi, huko karibu na mpaka, miguu imefura mpaka viatu hazifungi. Moyo yake ilikuwa inapiga vibaya. Daktari wa huku alitaka kumwona kila wiki kwa miezi miwili na akampatia vidonge za kutoa maji mwilini, moja kila asubuhi. Siku ya kwanza nilimwamkua, "Shikamoo Shosho," akacheka mpaka akashika kifua.

"Shosho ni nyanya wa Wakikuyu, mama. Mimi niite Kukhu."

Basi akawa Kukhu. Na shida ya Kukhu haikuwa moyo peke yake. Shida ilikuwa kwamba kwao mama hawezi kulala kwa nyumba ya mume wa binti yake. Mkwe na mama mkwe hawashikani mkono, hawali pamoja, hata wakikutana njiani mmoja anaingia kwa mahindi mpaka mwingine apite. Sasa Nairobi mahindi iko wapi? Anti alikuwa amebembeleza kwa simu mwezi mzima. Hospitali iko hapa, Mama. Nikupangie hoteli? Nikulaze kwa soja, kwa geti? Mwishowe alikubali, lakini alikuja na sheria zake kama serikali. Hatakalia kiti Mzee amekalia. Chakula atakula jikoni na mimi. Na choo Mzee anatumia, hawezi. Hapo alikataa kabisa.

"Mama, hiyo choo iko na kufuli," Anti alimwambia. "Na mchana baba watoto hayuko."

"Mahali makalio ya mkwe wangu imekaa, yangu ikae hapo? Na nirudi nyumbani niambie watu nini?"

Mzee naye alikuwa mtu wa heshima, siwezi kumsema vibaya kwa hiyo. Akifika jioni alikuwa anaanza kukohoa kutoka ngazi ya chini. Kho, kho, kho, mpaka ghorofa ya tatu. Kukhu akisikia hiyo kikohozi anajikokota jikoni, mbwa naye anamfuata mbio, mpaka mbwa akajifunza: kikohozi ni kukimbia. Mzee aliwahi kuniuliza, "Kwani nimemkosea nini huyu mbwa wangu?"

Choo ya Kukhu ikawa yangu, ile ya nyuma ya jikoni, imejengewa mahausigeli, ukikaa goti zinagonga mlango. Kutoka kwa chumba ya watoto, mahali alikuwa analala, unapita koridoo yote, unavuka sitting room, unapita meza ya kula, unaingia jikoni, unafungua mlango wa nyuma ambao hushikana, ndio ufike. Mimi naifanya bila kufikiria. Yeye na hiyo miguu, ilikuwa safari.

Usiku tulimwekea beseni. Ndani aliweka kitambaa kikubwa, ili isilie. Nilimuuliza ya nini, akaniambia ukuta wa pili ni chumba ya mkwe.

Nilimpenda huyo mama haraka sana, hata mimi nilishangaa. Nilikuwa nimekaa kwa hiyo nyumba mwaka moja na nusu na ndiye mtu wa kwanza kuniuliza, "Na wewe umekula?" Hakuuliza kama mtu anasalimia tu. Aliniuliza akiangalia sahani yangu.

Sasa mbwa. Wacha niseme ukweli, mwanzo nilimchukia. Ghorofa tatu kushuka, ghorofa tatu kupanda, nimembeba kama mtoto ili asikojoe kwa ngazi, na jirani wa ghorofa ya pili anafungua mlango kidogo ananiangalia kwa ufa. Nikimweka kwa nyasi hapo chini karibu na geti, anacheza na majani. Anakula udongo. Anakaa. Narudi juu na yeye, nageuka kuweka chai, kapeti. Kila siku. Nilikuwa nasugua mpaka kidole zinatoka ngozi.

Soja wa geti ndiye alinipatia dawa. Alisema amewahi kushika mbwa za kampuni ya ulinzi. "Hiyo kitu ni rahisi, dada. Akikojoa, shika shingo, sugua pua yake hapo hapo. Mara tatu tu, hatarudia."

Nilifanya mara moja. Nilimshika shingo nikamsukuma pua kwa mkojo wake, na nilikuwa na hasira ya wiki mbili, nikasukuma sana. Alilia kama mtoto wa mtu. Kukhu alikuwa kwa mlango wa jikoni ameshikilia ukuta.

"Wachilia huyo," akasema.

"Kukhu, hivi ndio wanafunzwa."

"Mtoto wako akijisaidia kwa nguo utamsugua uso hapo?"

"Huyu si mtoto, ni mbwa!"

"Na wewe ni nani, unamshinda nguvu unafurahi?"

Nikajam kwa hasira. Nikaingia kwa chumba yangu nikafunga mlango, hata chakula sikupika kwa wakati. Lakini nilipotoka nilipata amemlaza kwa mapaja yake, amemfunika na leso, na anamwongelesha lugha ya kwao. Akaniambia nikae chini anifunze. Alikuwa amezaa watu tisa, alisema, na wote walijua kwenda nje kabla ya kujua kuongea. Akiamka, mpeleke. Akimaliza kula, mpeleke. Usimwongeleshe mambo mingi. Mweke kwa nyasi, simama, halafu mfanyie vile tunafanyia watoto.

"Psssss," akafanya. "Psssss. Akikojoa, unamsifu. Basi."

Hiyo psss kila mtu ameisikia, mama ameinua mtoto kwa miguu hapo nyuma ya nyumba anamvutia mkojo na mdomo. Niliona ni ujinga kufanyia mbwa. Lakini nilishuka. Nilisimama hapo kwa nyasi, soja ananicheka, nikafanya psss kama nyoka. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili, mchana, akanyamaza, akaweka masikio sawa, akachuchumaa. Nilipiga kelele mpaka soja akatoka kwa kibanda akidhani ni mwizi. Juu kwa balkoni ya jikoni Kukhu alikuwa anapiga makofi na kuita, "Mwanaume! Mwanaume huyo!"

Baada ya hapo ikawa kama muujiza. Wiki moja na alikuwa amejua. Alikuwa anakuja jikoni mwenyewe anakwaruza mlango, tunashuka, psss, tunarudi. Nikimsifu anatingisha mwili wote, si mkia peke yake. Niliambia kila mtu. Niliambia mama mboga. Niliambia huyo jirani wa ufa, ambaye hakuuliza.

Lakini kapeti ilikuwa bado inalowa.

Si kila siku. Lakini nilikuwa nikipita kwa koridoo, karibu na ile kona inaingia sitting room, soksi inalowa. Namwangalia mbwa, mbwa ananiangalia. Nilimchapa siku moja na gazeti imekunjwa. Nilimwambia, "Kwani wewe uko na nyuso mbili?" Jioni Anti akiuliza nasema ni mbwa, Mzee anapiga ulimi, anaangalia kalenda ya benki iko ukutani.

Halafu ikafika Jumatano moja. Nilienda na mbwa dukani, tukakaa huko chini karibu saa nzima juu mama wa duka alitaka kumwona akikojoa kwa psss. Tuliporudi kapeti ilikuwa imelowa, hapo hapo kwa kona. Na bado ilikuwa na joto. Niligusa na mkono. Mbwa alikuwa amesimama nyuma yangu na kamba yake bado iko shingoni.

Kukhu alikuwa amekaa kwa sakafu ya koridoo, ameegemea ukuta, leso ameikunja kwa mkono, sketi imeshikana na miguu. Hakuniangalia.

"Ile mlango ya nyuma ilishikana?" niliuliza. Ni kitu gani ingine ningeuliza.

"Hata sikufika kwa mlango."

Nilimsimamisha. Nilimwosha. Niliweka nguo zake kwa maji ya moto na nikasugua kapeti, na mbwa akalala hapo akituangalia na mimi nilikuwa nimemchapa na gazeti. Kukhu akaanza kuongea akiwa kwa kitanda amegeukia ukuta. Ni hizo vidonge, alisema. Ukimeza, maji inakuja kama mtu anafungua mfereji, haibishi hodi. Alikuwa anajaribu kukimbia tangu wiki ya kwanza. Zile zote za kona zilikuwa zake, si za mbwa.

"Kukhu, si utumie hii choo ya karibu tu! Mzee hayuko. Nani ataona?"

"Mimi nitaona."

Nikamwambia tutanunua nepi za wakubwa, ziko kwa duka la dawa. Akanigeukia hapo. "Nimezaa watu tisa nivae nepi kwa nyumba ya mkwe?" Nikamwambia basi nimwambie Anti, ni mtoto wake, atapanga. Akanishika mkono. Mkono yake ilikuwa na baridi na nguvu kuliko vile nilidhani.

"Ukimwambia, atamwambia bwana yake. Siku huyo kijana anajua nimekojoa kwa kapeti yake, mimi napanda basi siku hiyo. Daktari abaki na dawa zake. Unanisikia? Sema ni mbwa."

Na mimi mtu nikimpenda sina akili ya kati. Sijui kupima. Nikasema, "Sawa. Ni mbwa."

Kwa hivyo nilisema. Jumatano nilisema ni mbwa. Jumamosi. Jumatatu. Nilikuwa nasema kabla hata ya kuulizwa, naongeza na maneno, eti leo nimempata mwenyewe na macho yangu, ni mjeuri sana huyu. Anti aliniambia nimchape, nikasema nimemchapa. Mbwa anakaa hapo anasikiliza anatingisha mkia. Halafu tunaenda jikoni nampatia nyama ya sahani yangu. Nilihesabu siku za daktari zimebaki na nikahesabu siku za mbwa zimebaki, na za mbwa zilikuwa chache.

Lakini bado kulikuwa na nafasi, hiyo ndio huniuma. Mzee alikuwa anampenda. Angeongeza mwezi. Mpaka Ijumaa moja alikuja na wanaume wawili wa ofisi kuona mpira, wamekaa, wamepewa soda na njugu, na Mzee akataka kuonyesha mbwa yake. Mbwa alikuwa huko jikoni kwa mlango, amekimbia kikohozi. Mzee akamwita vile mwanaume wa Nairobi huita weita.

"Psss! Psss! Kuja hapa!"

Nilikuwa nimebeba sahani ya sambusa. Nilimwona mbwa akiinua masikio. Alikimbia mpaka katikati ya kapeti, mbele ya hao wanaume wote, akachuchumaa, akakojoa yote aliyokuwa nayo. Halafu akaniangalia. Akaja mbio kwangu, anatingisha mwili wote, anangoja nimsifu.

Mmoja wa wageni akasema, "Bosi, hii ya polisi ni ya kituo gani?" Wakacheka mpaka mmoja akamwaga soda.

Mzee hakucheka. "Kesho anaenda."

"Mzee, hiyo si makosa yake," nikasema. "Ni mimi nilimfunza na hiyo sauti. Nikifanya psss anajua akojoe. Umemwambia akojoe, amekojoa! Huyu mbwa anajua, naapa, hajawahi..."

"Hajawahi nini?"

Nikaweka sahani ya sambusa mezani.

"Si ni wewe kila siku unaniambia ni mbwa? Jumatatu haikuwa yeye?"

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo. Nilijua Kukhu yuko nyuma yake na anasikia kila neno. Nilingoja. Siwezi kusema nilikuwa nangoja nini. Kwamba aseme kitu, akohoe tu. Hakukohoa.

"Ilikuwa yeye," nikasema.

Kesho yake asubuhi jamaa alikuja na pikapu, alikuwa anatafuta mbwa wa kulinda mbao, huko upande wa Dagoretti. Alikuwa na kamba ya katani. Nilimwambia, "Huyu hukojoa akiambiwa psss, usimwite hivyo." Akaniambia, "Sawa dada," vile mtu husema sawa kwa mwendawazimu. Nilimwambia tena. Nilimwambia mara ya tatu nikipiga mlango ya pikapu na mkono, mpaka soja akanivuta nyuma. Mbwa hakulia. Alidhani wanaenda dukani.

Nilipanda juu. Kukhu alikuwa anachambua mboga. Tulichambua pamoja mpaka ikaisha.

Wiki iliyofuata miguu yake ikaanza kufura tena. Anti akalaumu chumvi yangu, nikapika bila chumvi, hata Mzee akala bila chumvi akivumilia. Kapeti ilikaa kavu siku kadhaa, nikafikiri Mungu ametuonea huruma, amechukua mbwa akatupatia hiyo. Halafu Alhamisi, kona. Nilifanya haraka. Nilichukua thamosi ya chai nikamwaga yote juu yake, maziwa na majani, nikangoja Anti arudi nikamwambia nimejikwaa. Alinitusi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mimi na hasira yangu yote nilisimama hapo nikasema pole Anti, pole Anti. Kukhu akinisikia kutoka jikoni.

Mara ya pili sikuwahi. Ilikuwa Jumanne, Anti alichelewa kwenda kazini, akatoka, halafu akarudi kabla ya saa sita juu alikuwa amesahau karatasi fulani. Alifungua mlango akatukuta kwa koridoo: mama yake ameshikilia ukuta na sketi imelowa, na mimi natoka mbio jikoni na thamosi.

"Ni chai," nikasema.

Thamosi ilikuwa imefungwa. Bado ilikuwa mkononi, na kifuniko juu.

Anti aliweka begi chini. Aliinama, akagusa kapeti na kidole, akakaa hapo chini na sketi yake ya ofisi. Waliongea lugha yao. Sikuelewa neno hata moja na nilielewa yote. Halafu akanigeukia.

"Ulijua?"

"Ndio nilijua! Na wewe hukujua? Mama yako anavuka nyumba yote na hiyo miguu kila saa, na wewe uko ofisi unajua kunywa chai tu! Umesahau ulizaliwa wapi?"

Nilijua hiyo ndio mara ya tatu. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nguo zangu ziko wapi. Lakini Anti hakuniambia nitoke. Alilia kidogo, akajipangusa, akaanza kupanga kama mtu wa ofisi: tutahamisha kitanda ya Mama kwa chumba yako, wewe ulale ya watoto, atakuwa karibu na choo, baba watoto hataambiwa kitu, kuna nini hapo? Nikaona kweli, kuna nini? Kitu rahisi namna hiyo. Wiki tatu zilikuwa zimebaki za daktari. Ningebeba hiyo kitanda kwa mgongo saa hiyo hiyo.

Kukhu akakataa. Hakupiga kelele, alikataa tu, vile alikataa choo. Alisema akiangalia kapeti: mtoto wake akishajua, imeshafika kwa mkwe, hata kama hakuna mtu amesema. Angemwangalia aje binti yake akimpatia huyo mwanaume chakula? Alitaka kwenda nyumbani.

Anti akabembeleza. Akapiga magoti. Mimi nikasimama hapo na hiyo thamosi na hasira ikapanda mpaka kwa meno, na safari hii haikuwa ya Anti.

"Kwa hivyo mbwa alienda bure?" nikamwambia Kukhu. "Nilimsingizia kila siku juu yako. Na sasa unaenda tu? Alienda bure!"

Anti akaniambia nyamaza. Kukhu akainua mkono, kwamba aniwache.

"Ndio," akasema. "Alienda bure."

Hakuna kitu nimewahi kusema kwa maisha yangu natamani kurudisha kama hiyo, na nimesema mengi.

Jumamosi tulimpeleka tao apande basi, mimi na Anti. Mzee alibeba begi mpaka kwa gari, akaiweka, akarudi nyuma mpaka karibu na geti ndio mama mkwe apite. Aliambiwa matibabu imeisha mapema. Akasema tumshukuru Mungu, akakohoa.

Basi ilikuwa inangoja huko chini ya mji, na kabla apande Kukhu alisema anataka choo. Nilimpeleka kwa choo ya kanjo, yaani ya baraza la mji, ile ilikuwa imetengenezwa upya, na tiles, na mama anakupatia tishu kwa mlango. Kulikuwa na laini ndefu. Nikaanza kugombana na wanawake wa mbele, eti mgonjwa apite, mmoja akaniambia hata yeye ni mgonjwa, ni vile tu hajavaa leso. Mwishowe tukapita. Alikaa ndani muda mrefu mpaka nikagonga.

"Niwache," akasema kutoka ndani. "Hii haina mkwe. Nakaa vile nataka."

Laini yote ikacheka, na mimi nikacheka, nimeshika ukuta, na nilikuwa nalia pia. Alipotoka alikuwa amenyoosha leso kama mtu ametoka kanisa. Nilimwekea taulo kwa kiti ya basi. Akaniuliza kama huyo wa mbao anampatia mbwa maziwa. Nikasema nimesikia anampatia, asubuhi na jioni. Sikuwa nimesikia chochote.

Kwa gari tukirudi Anti aliniuliza, "Dawa amebeba?" Nikasema amebeba, bila kuangalia. Anti akasimama kulipa deni ya simu kwa duka hapo barabara ya Argwings Kodhek, tukaenda nyumbani.

Jumatatu nilitoa mashuka kwa kitanda yake. Chini ya godoro, upande wa ukuta, kulikuwa na kipande cha gazeti kimekunjwa vizuri. Ndani kulikuwa na vile vidonge vya maji, vyeupe, vidogo. Nilihesabu siku na vidole. Vilianzia ile Jumamosi mbwa alienda. Ni viwili tu vilikuwa havipo: cha ile Alhamisi nilimwaga chai, na cha ile Jumanne Anti alichelewa kazi akampatia mwenyewe na kusimama hapo mpaka ameze.

Kumbe ndio kapeti ilikuwa imekauka. Kumbe ndio miguu ilikuwa imefura.

Nilikaa kwa hiyo kitanda na gazeti kwa mapaja. Kungekuwa na simu huko kwao ningepiga, lakini simu ilikuwa ya jirani na ningeanza kusema nini na jirani anasikiliza? Ningemwambia Anti? Alikuwa ameshajilaumu mpaka hali chakula. Nikapeleka vyote kwa ile choo ya nyuma nikamwaga. Vilielea. Nikavuta maji, vikazunguka, vikarudi juu. Nikangoja tangi ijae, nikavuta tena.